Kizingiti Ambacho Baba Hakukivuka

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha kitu ambacho sikukielewa, na hakuna mkaguzi wa shule aliyewahi kunigundua. Mimi ni mwalimu wa historia na serikali katika shule ya kutwa iliyo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini Nyamira. Kila mwaka tunafika kwenye somo la nchi yenye mamlaka kamili, nami naandika ubaoni mambo manne yale yale: watu, ardhi yenye mipaka, serikali, na kutambuliwa na nchi nyingine. Wanafunzi wananakili. Nawauliza kama kaunti yetu ni nchi, wanacheka. Hakosi kupatikana mmoja wa upande wa Keroka, ambako mji ni mmoja na kaunti ni mbili, akasema kwamba kwao mtu hunywa chai katika nchi moja na kununua sukari katika nchi nyingine. Tunacheka tena, kengele inalia, na somo limekwisha.

Mwaka juzi msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, aliinua mkono kabla ya kengele.

"Mwalimu, nchi ikiwa na hivyo vitu vyote vinne, na jirani yake ni mkubwa, ana nguvu ya kuingia siku yoyote anataka, hiyo mamlaka iko wapi? Mtu anaweza kuiona na macho?"

Nikamjibu kwa bendera, katiba, jeshi na kiti katika mikutano ya mataifa. Akaketi. Wanafunzi wetu wana heshima sana wasiporidhika, na heshima ile iliniudhi njia nzima hadi nyumbani. Nilijiambia kwamba mtoto yule anajifanya mjanja. Ukweli ni kwamba jibu lake lilikuwa limesimama mbele ya mlango wangu miaka yote, likiegemea fimbo, na mimi nilikuwa nikiliona kuwa ni ukaidi wa mzee.

Boma letu liko mteremkoni. Juu ni nyumba ya baba, nyuma yake kuna kijumba cha udongo kilichokuwa jiko la marehemu mama, na chini, baada ya migomba na mistari michache ya majani chai, ni nyumba yangu. Kutoka mlango wa baba hadi mlango wangu ni hatua sabini na kitu, kutegemea matope. Kwetu Wagusii kuna adabu tunayoiita chinsoni, sheria za haya kati ya mzazi na mtoto: nani aseme nini mbele ya nani, nani aketi wapi, nani asione nini. Mojawapo ni kwamba mwana akishaoa, baba yake haingii nyumbani mwake. Si kwamba wamegombana, wala hakuna aliyemkataza. Haingii tu. Akiwa na neno husimama nje akaita, na mwana akatoka. Siku hizi wengi hawaijali, na ninawajua wazee wanaotazama televisheni kwa wana wao huku miguu wameinyoosha juu ya meza. Baba yangu hakuwa mmoja wao.

Nyumba yangu tuliijenga pamoja. Alibeba matofali, akapiga plasta kwa mikono yake, na kona ya jikoni ambayo haijanyooka ni yake, ingawa alikufa akisema ni yangu. Mlango aliupachika mwenyewe juma moja kabla ya harusi. Aliufunga na kuufungua mara tatu nne kusikiliza bawaba, akakusanya vifaa vyake, akatoka. Alipofika nje aligeuka, akaniangalia mimi niliyebaki ndani.

"Haya," akasema. "Kuanzia leo sijui huko ndani kukoje."

Nilidhani ni utani.

Mke wangu alipokuwa hai sikuwa na haja ya kuliwaza jambo hilo. Baba alikuja, akaketi kwenye kigoda chini ya mparachichi, na mke wangu akamtolea uji au ndizi za kuchemsha kama mgeni mheshimiwa. Ndani kulikuwa na kelele za kutosha. Kulikuwa na binti yetu mmoja aliyepiga kelele za watoto sita, kulikuwa na wanawake wa kanisa, kulikuwa na kuku aliyedhani yeye ni wa ukoo. Mama alipofariki, mke wangu ndiye aliyempelekea baba chakula, na boma likaendelea kupumua.

Halafu mke wangu akaugua kwa muda mfupi, akafa. Waombolezaji walikaa siku zao, wakaenda. Binti yetu akapata kazi Ghuba, akaenda. Wanawake wa kanisa walikuja kila Sabato, kisha Sabato moja moja, kisha wakawa wananisalimia njiani na kuniuliza kama ninakula vizuri. Nikabaki na viti saba na mkaaji mmoja. Ningekuwa nchi, ningekuwa nchi ya ajabu: mipaka ninayo, serikali ni mimi, upinzani ni mimi, na idadi ya watu haibadiliki. Niliwasha redio asubuhi nikaiacha iongee hadi jioni ili nikirudi kutoka shuleni nikute sauti ya mtu. Niseme wazi: nilikuwa mpweke hadi nikaanza kusahihisha daftari polepole makusudi, kwa sababu mwandiko wa watoto ulikuwa ni watu.

Kila jioni nilipika nikapeleka chakula juu kwa baba. Kwake naruhusiwa kuingia, lakini chumba cha mbele tu, kwenye benchi iliyo karibu na mlango. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu aliyoipenda, tukiongea habari za ng'ombe na za bei ya majani. Hakuwa mtu wa maneno. Akishanawa mikono husema, "Haya, mwalimu, kwako kusije kukapoa," nami nikajua nimeruhusiwa kuondoka. Kulikuwa kumepoa tangu zamani. Nilishuka zile hatua sabini nikafungua mlango wa nyumba ambayo hakuna mguu mwingine ulioikanyaga kwa majuma.

Ndipo nikalishika wazo ambalo halikuniachia. Nilitaka baba aingie. Si kuhamia, wala kulala. Aingie, aketi, anywe chai, aone kwamba mwanawe bado anaishi humo. Alikuwa amepita miaka themanini, kifua chake kikilia kila msimu wa baridi, na nilihesabu kwamba asipoingia karibuni hataingia kamwe. Mke wangu alikuwa amekwenda, basi ile haya ilikuwa ya nini tena? Nilikwenda kwa seremala mmoja Nyamira nikamwagiza kiti chenye mikono mipana, kwa kuwa baba husimama kwa kusukuma kwa viganja. Nikakiweka dirishani, mahali pa kuonea majani chai hadi kwenye kijito. Sikukikalia hata siku moja.

Nikaanza kampeni. Siku ya kwanza nilimkaribisha kwa utani nikamtupia methali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Akaipokea, akaitafuna kidogo, akasema aliyeitunga hakuwa na mwana aliyeoa. Siku nyingine nilimwambia, kwa uwazi ulionigharimu, kwamba mke wangu hayupo tena na hakuna wa kumwonea haya.

"Mke amekufa," akasema. "Nyumba haijafa."

Nilimlalamikia binti yangu kwenye simu. Yeye huku kwetu alikwisha kupaona kwa mbali, kama mtu anayetazama picha. Akasema, "Baba, mwambie Guka aingie tu, nani ataona?" Neno hilo la guka, la babu, alikuwa amelitoa kwa wenzake wa bweni kutoka Kiambu, na baba alilizoea akalipenda. Niliona ni hoja nzuri. Nikapanda nayo juu, nikamwambia baba kwamba mjukuu wake anauliza nani ataona.

"Mimi nitaona," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, hilo wanafunzi wangu watawaambia. Nilikaa siku tatu nikimpelekea chakula bila maongezi, naye alikula bila maongezi na akaonekana kufurahia utulivu.

Sabato moja ya mwezi wa nne tulikuwa tumerudi kutoka kanisani. Baba alishuka kumtazama ng'ombe tuliyekuwa tumemfunga karibu na nyumba yangu, nami nilikuwa ndani nikibandika chai. Wingu la huku halipigi hodi. Mara mabati yakaanza kulia, tone moja, mawili, kisha mvua ya mawe ikashuka yote kwa pamoja, mawe makubwa kama ndimu. Nilikimbilia mlangoni. Baba alikuwa amefika chini ya ukingo wa bati, amebana mgongo ukutani, kando kabisa ya mlango wangu. Barafu iligonga ardhi ikaruka hadi kwenye magoti yake. Koti lake la kanisani lilikuwa limelowa bega moja.

Nikafungua mlango wote. Nikamwambia, baba, ingia. Akasema itapita. Nikamwambia kifua chako. Akasema kifua chake anakijua. Nikamshika mkono wa koti nikamvuta, na nitasema ukweli kwa kuwa ameshalala: nilimvuta kwa nguvu, jinsi mtu anavyomvuta mtoto barabarani. Hakupiga kelele. Aliinua fimbo yake akailaza ikakingama mlangoni, kutoka mwimo mmoja hadi mwingine, kama kizuizi cha polisi, yeye upande wa nje na mimi upande wa ndani.

"Hii nyumba ni yangu au si yangu?" nikamfokea. "Kama ni yangu, mimi ndiye ninayesema nani aingie."

Alingoja mawe yapungue kidogo ili asilazimike kupaza sauti.

"Ni yako kwa sababu mimi siingii," akasema.

Chai ilifurika jikoni, nikaisikia ikizima moto, nisiende. Ardhi ile ilikuwa yake. Hati ya shamba ilikuwa na jina lake. Matofali alibeba yeye, mlango ni wa mikono yake, na hata mwenye nyumba alimzaa yeye. Hakukuwa na mtu katika ukoo mzima ambaye angethubutu kumwambia baba usikanyage hapa. Angeweza kuingia siku yoyote ya miaka ile yote, akaketi popote, akafunua sufuria yoyote. Na kwa sababu angeweza, na hakuingia, ndiyo maana niliweza kusema nyumba yangu.

Nikachukua blanketi na vigoda viwili. Nikatoka nje, nikamfunika, tukaketi chini ya ukingo wa bati migongo ukutani, tukitazama majani chai yakichanwachanwa. Yeye, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ndiye aliyekuwa na maneno.

Alinisimulia habari za Nyansiongo. Nilijua kwamba ujanani alichunga ng'ombe katika shamba la mzungu kule. Alikuwa akiturushia jina hilo kila tulipochelewa kuamka. Alichokuwa hajatuambia ni habari za kibanda. Yeye na babu yangu walipewa kibanda kwenye safu ya vibanda vya wafanyakazi, na mlango wake ulikuwa gunia. Mwenye shamba alipita asubuhi na jioni na mbwa wake, na hakuita. Alilisogeza gunia kwa kiboko, akaingia na viatu vyake, akafunua chungu kuona kama kuna mahindi yasiyo ya posho, akainua blanketi kuona nani amelala. Hakuwa mkali sana, baba alisema. Wakati mwingine alisalimia. Siku moja aliingia wakati babu yangu anavaa suruali, na baba, kijana mkubwa, yumo humo humo. Mzungu hakugeuka. Alimaliza kuangalia alichokuwa akiangalia, akatoka, akaenda kibanda cha pili.

"Baba yangu hakuniangalia usoni siku nyingi," akasema. "Na hakuwa amefanya kosa lolote."

Walipoambiwa kwamba nchi imekuwa yetu, watu wa shamba walicheza ngoma, naye alicheza. Lakini alichokifanya kwanza aliporudi huku mteremkoni ni kutengeneza mlango. Hakuwa na nyumba bado. Alipasua mbao, akaunda mlango, akauegemeza kwenye mti, ukakaa hapo msimu mzima huku yeye akitafuta miti ya kuta. Watu walimcheka. Walipita njiani wakapiga hodi kwenye mlango ulioegemea mti, naye akawajibu kutoka upande wa pili, karibu, ndani kumejaa. Aliponisimulia hilo alicheka hadi kifua kikamkatiza.

Mvua ilipoisha tulipanda juu, tukakuta upepo umeng'oa nusu ya mabati ya nyumba yake. Kitanda chake kilikuwa na barafu. Nilijizuia nisimkaribishe kwangu, na hilo lilikuwa gumu kuliko kumvuta. Nikauliza tu atataka kulala wapi. Akaonyesha jiko la mama kwa fimbo.

Jiko la mama halikuwa la mtu yeyote kati yetu. Lilikuwa la mwanamke aliyekufa, na wote wawili tulikuwa tumekula humo tukiwa na haki sawa ya kufukuzwa. Nikamtandikia upande mmoja wa mafiga. Kisha nikashuka, nikafunga nyumba yangu kwa kufuli, nikapanda na godoro langu nikalitandika upande wa pili. Alisogeza fimbo yake tu kunipa nafasi.

Tulikaa humo siku kumi na saba, hadi fundi alipomaliza mabati. Asubuhi nilikwenda shuleni nikinuka moshi, na wanafunzi, kwa ile heshima yao, hawakusema kitu. Jioni nilirudi nikakuta amepika yeye, vibaya. Tuligombana juu ya chumvi. Aliniuliza mambo ya mke wangu ambayo hakuwahi kuyauliza, alikuwa akiimba nini akipika, kwa nini alichelewa kukubali nilipomchumbia. Mimi nilimuuliza mambo ya mama. Nikamkumbusha kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Akajibu kwamba jembe lilikuwa lake, basi nani ni mgeni wa nani. Katika miaka yote ya baada ya kifo cha mke wangu, hizo ndizo siku kumi na saba ambazo sikuwasha redio.

Fundi alimaliza siku ya Jumanne, kabla ya jua kutua. Baba akasimama, akakung'uta blanketi.

"Haya, mwalimu," akasema. "Kila mtu na kwake."

Nilitamani fundi angevunja mguu. Nilishusha godoro langu, nikafungua kufuli, nikakaa kwenye kimojawapo cha viti vyangu saba. Kiti cha dirishani kilikuwa kimeshika vumbi. Huo ndio upande ambao sikuwahi kuuandika ubaoni: kwamba mtu akishaheshimiwa mipaka yake, hubaki ndani yake peke yake.

Mwaka uliofuata kifua kilimshinda. Tulikwenda hospitali Kisii, tukarudi, tukaenda, tukarudi. Mara ya tatu daktari alizungumza nami kando. Baba aliuliza amesema nini, nikamwambia amesema twende nyumbani. Akasema amesikia vizuri.

Siku chache baadaye, asubuhi yenye jua, aliniomba nimtembeze bomani. Tulikwenda taratibu, hatua tatu, tunapumzika. Alimgusa ng'ombe. Alikagua migomba na kuikosoa. Tulipofika mbele ya nyumba yangu akasimama mahali pake pa siku zote, hatua mbili kutoka kizingitini, akaegemea fimbo kwa mikono miwili. Nilidhani anataka kupumua.

"Fungua mlango wote," akasema. "Na madirisha. Halafu niambie huko ndani kukoje."

Nilifungua. Nikaanza kueleza kutoka mlangoni, kuna meza, kuna viti, kwa sauti ya darasani. Akasema haoni vizuri tena, nimsogezee. Basi nikamsogezea. Kwanza nilitoa kile kiti cha mikono mipana, nikakiweka nyasini jua lilipokuwa. Akakizunguka, akaujaribu mkono mmoja kwa kiganja, akaketi. Kilimfaa. Aliniuliza ni cha nani. Nikamwambia ni chake, kimemngoja miaka miwili. Akasema seremala amejitahidi.

Kisha nikaitoa nyumba yangu nje. Nilitoa meza na vile viti vingine. Nilitoa redio, nikamwonyesha waya ulipofungwa kwa uzi. Nilitoa kabati la vyombo kwa kulikokota, na vikombe vya harusi ambavyo vimebaki vitatu. Nilitoa picha ya mke wangu, akaiweka magotini akaitazama muda mrefu, akasema alikuwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kugawa uji. Nilitoa daftari za wanafunzi. Nilitoa kalenda ya zamani ambayo sijui kwa nini sikuwa nimeiondoa ukutani. Chumba cha kulala hakukiuliza, nami sikukigusa. Chinsoni ni chinsoni. Mwanamke jirani aliyekuwa akipita na kikapu cha majani alisimama kuniuliza kama ninahama. Baba akamjibu kwamba hapana, mwalimu anapokea mgeni.

Nikachemsha chai, tukanywa katikati ya vitu vyangu vyote vilivyotapakaa nyasini. Alimaliza kikombe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa majuma. Alizungusha macho taratibu, kitu kimoja kimoja, hadi yakafika kwenye mlango ulio wazi na chumba kitupu nyuma yake.

"Ni nyumba nzuri," akasema. "Ina mwenyewe."

Sikuwahi kutambuliwa hivyo na mtu yeyote, wala sitegemei kutambuliwa tena. Nililia, yeye akatazama migomba hadi nilipomaliza.

Alifariki siku tisa baadaye, nyumbani kwake, mchana. Tulimzika upande wa juu, karibu na mama.

Na watu wakaja. Wajomba, wakwe, wazee wa kanisa, walimu wenzangu, watu wa ukoo ambao sikujua tuna undugu nao. Nyumba ya baba ikajaa, nao wakateremka kwangu. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuja kunisaidia kubeba, na hivyo ndivyo kwetu tunavyobebana. Waliingia mlango ukiwa wazi, bila hodi, na viatu vyenye udongo mwekundu wa kaburi. Walifunua sufuria kuona kama kuna chakula. Wanawake walifungua kabati la vyombo, na mtu akaweka begi lake kitandani kwangu. Shemeji mmoja mnene alikiona kile kiti dirishani, akakishukuru kwa sauti, akakikalia kutwa nzima.

Nilichokuwa nimekililia miaka yote kilikuwa kimenifikia. Viti saba vilikuwa na watu saba, na wengine walikaa juu ya mikono ya viti. Nilitoka nje nikasimama hatua mbili kutoka kizingitini, pale ambapo nyasi zilikwisha kufa kwa sababu ya kukanyagwa na mtu mmoja miaka mingi. Kutoka pale nilisikia wakicheka, wakila, wakiniita niingie.

Msichana yule wa dawati la nyuma amemaliza shule, sijui yuko wapi. Ningemwona ningemwambia kwamba ndiyo, mamlaka inaonekana kwa macho. Mwaka huu niliandika tena yale mambo manne ubaoni, watoto wakanakili, nikarudi nyumbani mapema. Mlango ni ule ule alioupachika baba. Jirani ameingia kuomba kiberiti, mzee wa kanisa ameingia kuniombea, watoto wa shemeji wameingia kufuata kuku. Nawakaribisha wote. Lakini hakuna tena aliyebaki wa kusimama nje.